Daftari la Mama na Mita Iliyohesabu Dakika

Mama ana daftari la jalada la samawati, la aina wanayonunuliwa watoto wa shule, na ndani yake hamna hesabu ya nazi wala deni la duka. Mna tokeni za stima. Kila tokeni ina tarakimu ishirini, naye huziandika nne nne, mafungu matano katika mstari mmoja, na pembeni huweka tarehe, pesa alizotoa na yuniti alizopewa. Tokeni ikishaingizwa kwenye mita huitia alama ya vyema. Isiyoingizwa huiacha wazi, na hizo zilizo wazi ndizo mali yake.

Kisa chake ni hiki. Nyumbani kwetu Mariakani, upande wa barabara iendayo Kaloleni, tunakaa wengi chini ya mita moja. Yupo Mama, nipo mimi ninayefundisha shule ya msingi, yupo mke wa kaka yangu, mzaliwa wa Tanga, na watoto wao. Kaka ni dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Malaba. Tunamwona lori likisimama mizani ya Mariakani, anakuja mbio kula na kuondoka. Mpwa wangu, mtoto wa dada, anasoma Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na huja mwisho wa juma. Yuniti zikishaingia kwenye mita ni za nyumba nzima: za televisheni, za pasi, za friza ambayo wifi yangu hugandishia barafu za ukwaju anazouzia watoto wa shule na makondakta wa stejini. Lakini tokeni iliyo daftarini ni ya Mama peke yake. Akiuza nazi, au kaka akimtumia chochote, hununua tokeni kwa simu, huinakili, halafu hukaa nayo. Ameifanya kama kibubu. Pesa taslimu huombwa na ndugu, na mwenye moyo hawezi kukataa. Nani atakuja kukopa tarakimu ishirini zisizofaa mita yoyote isipokuwa hii?

Waliotengeneza tokeni hawakuwaza jambo hilo. Wao walitaka kuuza umeme. Mama akapata mahali pa kuweka akiba. Na si yeye wa kwanza nchini kuchukua chombo cha watu na kukipa kazi yake. Kabla ya 2007 Wakenya walikuwa tayari wanatumiana salio la simu na kulifanya pesa, ndugu wa mjini akimpelekea wa mashambani, naye akiliuza dukani. M-Pesa yenyewe, ilipojaribiwa mwaka 2005 kwa fedha zilizotoka kwa serikali ya Uingereza, ilikusudiwa watu walipe mikopo midogo ya shirika la Faulu. Watu wa Thika na Nairobi wakaitumia kutumiana pesa, na wengine kuweka pesa usiku mmoja ili wasafiri mikono mitupu. Wenye mradi wakaona, wakaufuata umma, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata, Desemba 2008, John Michuki, kaimu waziri wa fedha, akaagiza ikaguliwe; Januari 2009 ikapita salama. Tangu mwanzo, kwa hiyo, ilivutwa na mikono miwili: wa wananchi waliokuwa wakiitumia, na wa wenye mamlaka waliokuwa wakiamua iachwe au ifungwe. Nayasema haya kwa sababu ya yaliyotupata mwaka 2024, kwa maana nyumba yetu ilivutwa na mikono hiyohiyo.

Stima yenyewe ilitufikia kwa siasa. Nyaya za msongo mkubwa ziendazo Nairobi zilipita juu ya mashamba ya watu wa huku miaka na miaka, watu wakisomea koroboi chini yake. Mwaka 2015 serikali ya Uhuru Kenyatta ilianzisha mpango wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma, na ada ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, tena mtu akiruhusiwa kulipa kidogokidogo. Mama aliingia katika mpango huo. Deni lake lilikatwa kwenye tokeni, na kurasa za kwanza za daftari ndizo zinazoonyesha: pesa ileile, yuniti chache.

Kwa kweli ukilisoma daftari lile kwa makini utaona historia ya nchi ambayo haimo vitabuni. Katikati ya 2018 kikomo cha wanaouziwa stima kwa bei ya chini kilitolewa yuniti 50 kwa mwezi kikashushwa hadi 10. Yuniti za Mama kwa shilingi mia tano zikapungua ghafla, naye akapiga mstari mwekundu. Watu walilalamika kila pembe ya nchi, na Novemba mwaka huohuo kikomo kikapandishwa hadi 100. Pana mstari mwingine hapo, wa kijani. Aprili 2023 kikashushwa tena hadi 30. Mita ukutani haikubadilika hata msumari. Waliobadilika ni watu walioketi Nairobi, na watu waliopiga kelele wakasikika kwa muda.

Sasa kisa.

Mwaka 2024, miezi kabla ya Novemba, zilianza kuzagaa habari kwamba mita zote za tokeni zitakufa. Kwamba tarehe 24 Novemba itakapopita, mita isiyofanyiwa marekebisho haitapokea tokeni mpya tena. Dawa yake, tukaambiwa, ni rahisi: ukinunua tokeni utaletewa mafungu matatu ya tarakimu ishirini badala ya moja, ingiza la kwanza, la pili, halafu la tatu ambalo ndilo tokeni yenyewe.

Mama akakataa. Wala hakukataa kwa ujinga. Ulikuwa mwaka wa Mswada wa Fedha. Vijana walijaa barabarani mwezi Juni, damu ikamwagika, na tarehe 26 Juni rais akautupa mswada wenyewe. Mpwa wangu alikuwa miongoni mwa waliokesha wakiusoma kifungu kwa kifungu. Katika hali hiyo ukimwambia mtu wa Mariakani aingize tarakimu arubaini zisizoleta hata yuniti moja, atakuuliza zinaleta nini. "Tarakimu hizi zinanunua kitu gani?" Mama aliuliza. "Kama hazinunui stima, basi zinaninunua mimi."

Wifi yangu ndiye aliyeitia hofu hiyo mizizi. Kwao Tanga mita hiyo huitwa LUKU, yaani lipa umeme kadiri utumiavyo, na Agosti 2021 serikali ya Tanzania ilianza kukata kodi ya majengo humo humo: mwanzoni shilingi elfu moja ya kule kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, elfu tano kwa kila ghorofa. Ndugu zake ni wapangaji. "Mama," alimwambia, "dada yangu hana nyumba hata ya kuku, lakini tokeni yake inakatwa kodi ya nyumba, mpaka amdai mwenye nyumba amrudishie. Kilichoanza kuuza umeme sasa ni mtoza kodi." Mama akafunga daftari.

Sioni kosa kwa aliyeogopa hivyo. Mtu aliyekwisha kuona kidude ukutani kikipewa kazi ya pili bila yeye kuulizwa, ana haki ya kuuliza juu ya kazi ya tatu.

Akaja Shangazi. Shangazi, dada ya marehemu baba, ni mwenyekiti wa chama cha akina mama kule Kaloleni, mtu wa kutenda; jambo likisemwa asubuhi kwake limeisha kabla ya adhuhuri. Alikuja Alhamisi kutusaidia matayarisho, kwani Jumamosi walikuwa wanakuja wageni kuleta mahari ya binti wa kaka. Friza ilijaa. Wifi aliziondoa barafu zake zote akapanga nguru na changu waliotoka Kilifi alfajiri, na juu yake maziwa ya Mariakani. Shangazi akaiangalia mita, akasikia kwamba haijafanyiwa lolote, moyo ukampasuka. Akawaza wageni wamekaa ukumbini, taa ikazima, aibu ya ukoo mzima. Hakujua kwamba tarehe yenyewe bado iko mbali; alisikia mita zitakufa, hilo lilimtosha.

Mama alikuwa sokoni. Shangazi akanunua tokeni ya shilingi mia kwa simu yake, ujumbe ukaja na mafungu yake matatu, akavaa miwani, akabonyeza. La kwanza likakubaliwa. La pili likakubaliwa. La tatu likaleta yuniti zake chache. Akashukuru Mungu, akaenda kukuna nazi. Mama aliporudi aliambiwa kwa furaha, akanyamaza kwa ajili ya wageni.

Ijumaa usiku pasi ilikuwa imefanya kazi tangu magharibi, nguo za watu wote, na saa tatu na kitu nyumba ikawa giza. Hakuna aliyeshtuka. Mama alichukua kurunzi, akafungua daftari, akamwita mpwa wangu. Alikuwa na tokeni tatu zilizo wazi, za karibu shilingi elfu tatu na mia tano, fedha ya nazi za msimu mzima. Alisoma, kijana akabonyeza. Mita ikakataa.

"Soma tena, Bibi, taratibu."

Akasoma taratibu. Ikakataa. Wakaenda ya pili, ikakataa. Ya tatu, ikakataa. Nilichukua daftari nikasoma mimi kwa sauti ya darasani, tarakimu moja moja, wifi akimulika. Mita haikuyumba. Mama akakaa kitako sakafuni, mkono shavuni, nami nikatambua kwamba hakuwa akililia giza.

Tungenunua mpya? Pesa ya nyumba ilikwisha kwenye mchele na mbuzi. Simu ya wifi ilikuwa tupu, mshahara wangu ulikuwa bado, wakala wa pesa amefunga, na kaka yuko foleni ya Malaba simu haipatikani. Akiba yetu yote ya dharura ilikuwa katika tarakimu sitini ambazo mita imezikana. Ikabaki samaki. Shangazi alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akakoka moto wa kuni nyuma ya nyumba. Nguru waliokusudiwa kupakwa nazi wakaingia mafutani kipande kwa kipande, changu wakatiwa chumvi na ndimu, maziwa yakachemshwa sufuria kwa sufuria. Wanawake tulikesha. Na kwenye moshi ule ndipo maneno yalipotoka.

"Wifi," Mama alimwambia Shangazi, "umeifungua nyumba yangu bila hodi."

"Wifi, niliogopa wageni wakae gizani."

"Na giza hili limeletwa na nani?"

Shangazi hakujibu. Aligeuza samaki. Baadaye alisema polepole kwamba alibonyeza kile alichoambiwa abonyeze, kwa mpangilio alioambiwa, na kila fungu lilikubaliwa; kama palikuwa na jambo la kufanya kwanza, halikuandikwa. Ni kweli. Nilisoma ujumbe wake kwenye simu mara kadhaa usiku ule. Ulikuwa wa Kiingereza kitupu, na hakuna mahali ulipomwambia mtu amalize tokeni zake za zamani kabla ya kuanza.

Wageni walikula samaki wa kukaanga, wakasifu, mahari yakapokewa. Adhuhuri tokeni ya kaka ikaingia kutoka Malaba, taa zikawaka mchana kweupe. Jumapili nikaketi na mpwa wangu tuitafute asili ya jambo hili, na tulichokipata ndicho kilichonifanya niandike.

Mita ya namna hii ilikulia Afrika Kusini. Mwaka 1986 wakazi wa Soweto waligoma kulipa kodi za nyumba na ada za huduma, maana waliokuwa wakizidai ni mabaraza ya mitaa yaliyowekwa chini ya utawala wa ubaguzi. Mgomo ulienea na kudumu. Wenye kuuza umeme walikuwa na shida mbili: kupeleka bili mahali pasipo anwani, na kumpeleka fundi wa kukata nyaya mtaani penye hasira. Mita ya kulipia kwanza iliziondoa zote mbili. Haina bili, na asiyelipa hujizimia mwenyewe. Hakuna fundi wa kukabiliana naye mlangoni. Ubaguzi ulipoanguka, serikali ya 1994 iliahidi umeme kwa nyumba nyingine milioni 2.5 hadi mwaka 2000, na ikauendeleza kwa mita ileile. Mwaka 2000 watu wa Soweto waliunda kamati yao ya kupinga kukatiwa, wakawa wanarudishiana umeme wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo kidude kilicho ukutani kwetu kilibeba ugomvi wa watu wengine kabla ya kufika Mariakani. Kilibuniwa kwa mtu ambaye mwuzaji hamwamini.

Ndani ya kile kidude hukumu hiyo imekuwa hesabu. Mitaa ile haikuwa na waya wa kupelekea habari kutoka kwenye mita hadi ofisini, basi kila kitu kikafungwa ndani ya tarakimu ishirini: kiasi cha yuniti, na dakika ambayo tokeni ilitolewa, vyote vikifichwa kwa ufunguo wa siri wa mita hiyo moja tu. Dakika huwekwa ili tokeni moja isitumike mara mbili. Mita hukumbuka dakika za tokeni ilizokwisha kula, na ikiletewa dakika iliyokwisha kuliwa hukataa. Dakika hizo zilianza kuhesabiwa tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuziandika ilikuwa ya tarakimu ishirini na nne za sifuri na moja, ambazo mwisho wake ni dakika 16,777,216. Zigawe kwa siku, utafika jioni ya tarehe 24 Novemba 2024. Zaidi ya hapo hesabu ingeanza tena sifuri, na tokeni mpya ingeonekana kuukuu. Makumi ya mamilioni ya mita duniani, kuanzia Soweto hadi Kampala waiitapo Yaka, zilifuata hesabu hiyo moja, kwa kuwa kanuni ya Afrika Kusini ilikwisha kuwa kanuni ya kimataifa.

Mwaka 1993 wahandisi waliona miaka thelathini na moja na ushei ni mingi. Siwalaumu. Walihitaji tarakimu chache ambazo mtu asiye na kompyuta angeweza kuzibonyeza kwa kidole, na uamuzi huo ndio uliotufaa sisi baadaye kuliko walivyodhani: kwa kuwa tokeni ni tarakimu tupu, iliweza kuingia kwenye ujumbe wa simu, kusomwa kwa sauti kutoka Malaba, kunakiliwa kwenye daftari la shule. Kadi ya sumaku isingemfaa Mama. Tarakimu zilimfaa, na akazitumia kwa njia yake.

Na hapo ndipo palipouma. Mafungu mawili aliyoyaingiza Shangazi hayakuwa kodi. Yaliipa mita ufunguo mpya na kuusogeza mwanzo wa hesabu hadi 1 Januari 2014. Tokeni zilizofungwa kwa ufunguo wa zamani hazifunguki tena kwa mpya. Daftari la Mama lilikuwa limeandikwa kwa ufunguo uliokufa Alhamisi adhuhuri. Aliyepanga marekebisho alimwona mteja anayenunua na kuingiza papo hapo. Mteja anayenunua na kuweka hakumwona, ingawa sina shaka wako wengi, kuanzia mabanda ya Mariakani hadi vyumba vya kupanga Mtwapa. Hilo ndilo linalonisumbua katika vyombo hivi vyote vya kompyuta tunavyoletewa. Havituharibikii kwa sababu sisi hatuvielewi. Vinatuharibikia mahali ambapo wenye kuvibadilisha hawakutuuliza tunaishi navyo vipi.

Jumatatu tulikwenda ofisi ya stima, Mama, mpwa na mimi, Shangazi akitufuata nyuma ingawa hakuna aliyemwita. Foleni ilikuwa ndefu na wengine walikuja kwa jambo hilihili. Binti aliyekuwa dirishani alikuwa na adabu. Alimsikiliza Mama, akaiandika namba ya mita, akaona tokeni zote tatu kwenye orodha ya manunuzi. "Mama, nazikubali kwamba ulizinunua," alisema. "Lakini sina njia ya kujua kwamba hukuziingiza. Mita hairudishi habari huku."

Ni hivyo hasa, na ndiyo sababu ya kueleza yale ya Soweto. Njia ni moja tu, kutoka kwa mwuzaji kwenda kwa mnunuzi. Mama akaweka daftari dirishani, akaonyesha alama za vyema na mistari isiyo na alama. Binti akalitazama kwa heshima, akasema angelipenda kuliamini, lakini wakubwa wake hawataki daftari.

Mpwa wangu akauliza kama tunaweza kupewa jumla ya yuniti zote zilizowahi kununuliwa kwa mita ile tangu ilipofungwa. Binti akatafuta: 4,212.6. Kijana alikuwa ameipiga picha mita nyumbani, kwa sababu ukibonyeza namba fulani fupi hukuonyesha jumla ya yuniti ilizopitisha tangu siku ya kwanza. Ilisoma 4,071.4. Zilizobaki humo alfajiri ile zilikuwa 2.3. Nikatoa kalamu. Zilizonunuliwa ukiondoa zilizotumika ni 141.2, ukiondoa zilizobaki ni 138.9. Mama hakungoja. Alikuwa ameshajumlisha tokeni zake tatu daftarini kwa midomo, akasema, "Mia moja thelathini na nane nukta tisa."

Binti akaijumlisha mwenyewe kwa kikokotoo. Kisha akaondoka na picha pamoja na daftari, akaingia chumba cha nyuma, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na tokeni tatu mpya. Watu wawili waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walituomba tuwaandikie namna ya kufanya hesabu hiyo, na Shangazi ndiye aliyewaeleza, kwa maana alikuwa ameishika yote kwa kusikiliza tu. Alipomaliza alimgeukia Mama, akamshika mkono, na kutoka hapo walikwenda bega kwa bega mpaka stejini wakizungumza habari za harusi.

Nataka isomeke vizuri kwamba hatukusaidiwa na hisani. Mwenye kuandika alikuwa na ushahidi, na kijana aliyesoma alijua swali la kuuliza. Ni wangapi waliokunja karatasi zao wakarudi nyumbani? Mita ile ya Soweto ilitengenezwa ili mwuzaji asilazimike kumwamini mnunuzi. Bibi wa Mariakani aliigeuza, akaifanya imtolee yeye ushahidi mbele ya mwuzaji. Nililiona hilo kwa macho yangu na sijawahi kujivunia daftari la mwanafunzi yeyote kama nilivyojivunia lile.

Wiki iliyofuata Mama alitaka barua iandikwe. Katiba ya 2010, nilimwambia, inataja ushirikishwaji wa umma kuwa mojawapo ya misingi ya utawala, na bei ya umeme inapobadilishwa mikutano ya umma huitishwa. Lakini marekebisho ya mita hayakuitishiwa mkutano, yalichukuliwa kuwa mambo ya mafundi. "Basi waandikie mafundi," akasema. Aliitamka kwa Kiswahili, nikaiandika, mpwa akaichapa.

Anataka, kwanza, ujumbe wowote wa kubadilisha mita uletwe kwa Kiswahili na uanze na onyo la kumaliza tokeni zilizokwisha kununuliwa. Anataka habari itangazwe katika baraza la chifu miezi kabla ya siku yenyewe, maana wazee wengi hawasomi ujumbe wa simu bila mjukuu. Anataka kila risiti ya tokeni ionyeshe jumla ya yuniti zilizonunuliwa tangu mwanzo, ili mtu aweze kufanya hesabu ile bila kupanga foleni. Na kama siku moja mita itapewa kazi ya kutoza kodi, kama alivyosimulia mkwewe wa Tanga, waje waulize kwanza, wenye nyumba na wapangaji pia.

Mpwa wangu akamwambia kwamba hesabu mpya nayo ina mwisho: kuanzia 1 Januari 2014, dakika zilezile 16,777,216 zitakwisha tarehe 24 Novemba 2045. Mama akataka tarehe hiyo iingie kwenye barua, na chini yake ombi kwamba maandalizi yaanze 2043. Tukaiongeza. Shangazi alikusanya saini za chama chake Kaloleni, wifi yangu akapitisha karatasi stejini, na barua ikapelekwa kwa mkono, nakala moja kwa chifu na nyingine kwa mwakilishi wa wadi.